Mrejesho: wembe wa kukunja, wiki ya tatu

Wakuu, niliwauliza kama mtu asiyewahi kushika wembe wa kukunja anaweza kujinyoa ndevu mwenyewe, maana mashine ya saluni ilikuwa inaniachia vipele shingoni.

Inawezekana, ila kwa subira. Wiki ya kwanza nilinyoa mashavu tu, kama mlivyonishauri. Naukanda uso kwa taulo la maji ya moto, napaka povu zito, navuta ngozi, kisha naulaza wembe nyuzi kama 30, nikifuata ndevu zinakoelekea. Siku niliyousimamisha ulinikata chini ya kidevu. Kipande cha shabu nilichonunua Kariakoo kilikata damu.

Kazi kubwa, kumbe, iko kwenye mkanda wa ngozi wa kunyooshea makali ya wembe! Mwanzo niliupuuza, wembe ukawa unang'oa ndevu badala ya kunyoa. Sasa kabla ya kunyoa naupitisha wembe juu yake mara 30 kwenda na kurudi, mgongo wa wembe ukitangulia. Nikimaliza naukausha na kuupaka mafuta kidogo, maana unyevu wa huku Kigamboni huleta kutu upesi.

Vipele vimepungua sana. Juu ya mdomo bado sijathubutu. Mzee uliyeniambia nisikandamize, shikamoo na asante sana.