Ushauri: Nataka kumrudisha baba kwenye vyakula vyake vya njiani, Dodoma hadi Singida. Nipite wapi?

Binti Dereva
Habari zenu wakuu. Nimekwama na muda unabana, naombeni mawazo.

Baba yangu aliendesha malori ya masafa tangu mimi sijazaliwa. Dar kwenda Kigoma, Dar kwenda Mwanza, kuna kipindi akawa Dodoma na Iringa kupitia Mtera, enzi hizo njia ni vumbi tupu. Hakuwa mtu wa kuleta zawadi. Alileta habari za chakula. Anavua viatu, anashushia maji, anaanza: Mtera nimekula perege wa kukaanga ametoka bwawani asubuhi ileile, Manyoni kuna mama anachemsha kuku tangu alfajiri, Kibaigwa wana makande. Kupenda kula nimekurithi kwake. Nilipopata kazi ya kuzunguka mikoani, nikaanza kuzifuata sahani zake moja baada ya nyingine.

Ninayoikumbuka kuliko zote niliila Msalato siku ya mnada, mwezi wa tisa, jua linachoma kweli. Wenzangu wote walikimbilia mbavu za mbuzi. Mimi nikakaa kwa mama mmoja mwenye sufuria mbili tu: ugali wa uwele na mlenda wa kijani uliotiwa karanga. Nilipoinua tonge uzi ukanifuata mpaka kidevuni. Yule mama akacheka, akanishika mkono kunifundisha: tonge dogo, libonyeze kati kwa dole gumba, chota, zungusha mkono ukate uzi, peleka. Nikampigia baba palepale. Hakuuliza kazi wala afya, aliuliza kitu kimoja tu: "Uwele au mtama?"

Sasa nataka nimpeleke mwenyewe. Treni mpya ya SGR kutoka Dar hadi Dodoma, Jumamosi Msalato, halafu gari hadi Manyoni na Singida tukale kuku wa kienyeji, tukirudi tupitie Mtera kwa samaki, tutokee Iringa. Naomba kujua: kuku mzuri yuko Singida mjini au njiani? Mtera samaki wa kukaanga barabarani bado wapo? Na sehemu hizi ukiomba wakuchambulie nyama, au waiponde kabisa, wanakubali au wanaona unasumbua?

Mzee wa Saranda
Binti, umenikumbusha mbali sana. Hiyo treni mpya ni ya haraka, sikatai, tangu 2024 mtu anaondoka Dar asubuhi na mchana yuko Dodoma. Lakini kula safarini kulikuwa kwenye treni ya zamani. Saranda treni ikisimama, dirisha zima linajaa mabeseni: kuku, mayai ya kuchemsha, karanga, viazi. Unapokea kuku kwa mkono huu, hela unatoa kwa mkono ule, na treni imeshaanza kuondoka, muuzaji anakimbia pembeni na chenji yako. Sijawahi kuona aliyekimbia na chenji ya mtu. Mpandishe mzee hiyo ya kwenda Kigoma, ataona stesheni zote za kati mpaka Itigi. Hayo ya magari achana nayo.

Mgogo wa Bahi
Karibu nyumbani. Msalato ni Jumamosi, hapo umelenga. Ila watu wa Dar mna tabia ya kuja kupiga picha ya mlenda, mnaonja tonge moja, mnaagiza chipsi. Mlenda si maonyesho. Huku mvua ni ya msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi, mahindi yanaweza kukugomea lakini uwele na mtama vinasimama. Mzee wako aliyeuliza "uwele au mtama" ni mtu anayejua anachokula, mwambie nampa heshima zangu. Na usiondoke bila zabibu, zinavunwa mara mbili kwa mwaka, uliza zipo.

Tonge Nene
Mimi niko tayari kuwa dereva wenu bure, nalipwa kwa mapaja ya kuku tu.

Mama Wawili
Mleta uzi, nimesoma mara ya pili. Swali lako la mwisho halifanani na mengine. Mtu aliyekula barabarani maisha yake yote, leo anachambuliwa nyama na kupondewa kwa nini? Kuna jambo hujalisema.

Binti Dereva
Meno yamepungua dada, mzee ana umri. Naomba nisaidiwe hilo la Singida na Mtera kwanza.

Mama Wawili
Meno hayamfanyi mtu aulize habari ya kuponda nyama. Nilimuuguza mama mkwe wangu, maswali hayo nayajua. Sema, hakuna atakayekula wewe. Tutakushaurije wakati umetupa nusu ya habari?

Pwani Kuchele
Mimi nadhani ungempeleka Tanga. Kule mtu anakula chakula chenye nazi, kinashuka chenyewe. Kati ni nyama na vumbi tu, samahani kwa wenyeji.

Mgogo wa Bahi
Hatujaomba maoni ya nazi hapa.

Binti Dereva
Haya. Baba alipata kiharusi mwaka jana. Upande wa kulia ulilala, mkono umerudi nusu, anatembea kwa fimbo. Akili iko sawa kabisa. Kumeza ndiyo shida, anakula taratibu na wakati mwingine anapaliwa. Presha anayo pia, anatumia dawa. Nyumbani anakula uji, mtori na ndizi za kupondwa, kila siku hizohizo.

Kaka zangu wawili wamesema hapana. Hawajui kwamba tiketi nimeshakata, na baba nimeshamwambia. Sasa kila asubuhi ananiuliza siku zimebaki ngapi. Ameomba anyolewe ndevu. Mtu huyu tangu augue hajawahi kuuliza siku gani leo.

Najua mtasema nimekurupuka. Lakini mnaojua kula mnanielewa. Baba aliijua nchi hii kwa sahani. Kumfungia ndani na bakuli la mtori mpaka mwisho, kwa sababu sisi watoto tunaogopa, naona ni kumnyima kitu alichokifanyia kazi. Hata daktari hakukataza kusafiri.

Mama Wawili
Daktari umemuuliza habari ya kusafiri tu, au umemuuliza pia habari ya kula Msalato?

Binti Dereva
Ya kusafiri.

Mtumishi Mwema
Dada, unalolitaka ni jema lakini njia yake ina kasoro. Mzazi ni wenu wote. Unapomchukua kwa siri, likitokea lolote hata dogo, ndugu zako hawatakumbuka mlenda, watakumbuka kwamba hukuwaambia. Familia nyingi zimevunjika kwa jambo dogo kuliko hili. Kaa nao.

Kiberenge
Mimi baba yangu alikuwa anataka kurudi Kondoa aonje asali ya nyuki wadogo kama ile ya utotoni. Tukasema akipata nafuu. Tukasema mvua ziishe. Tukasema barabara ikamilike. Barabara ilikamilika, lami mpaka Babati, na yeye hayupo. Nenda dada. Nimeandika hivi na bado inaniuma.

Nesi wa Zamu
Naomba mnisikilize kidogo, nafanya kazi wodi ya wagonjwa wa namna hii.

Mtu aliyepata kiharusi na anapaliwa, msidhani hatari ni nyama ngumu peke yake. Maji na supu nyepesi ndivyo vinavyokimbia na kuingia njia ya hewa kabla koo halijajiandaa. Kikiingia mapafuni kinaleta nimonia, na nimonia ndiyo inayowaondoa wengi baada ya kiharusi chenyewe kupita. Akikohoa anapokunywa, au sauti ikawa kama ina maji baada ya kumeza, hiyo ni dalili. Kabla ya tiketi, kabla ya kila kitu, apimwe kumeza hospitali. Mpimaji atakwambia uzito gani wa chakula unamfaa.

Akila: akae wima kwenye kiti chenye mgongo, tonge dogo, alimalize kabisa ndipo apewe lingine, asizungumzishwe wakati anameza. Asilazwe mara baada ya kula, wala kiti cha gari kisilazwe nyuma.

Na hili la mlenda: wengi wanatia magadi ili uvutike na kuiva haraka. Magadi yana sodiamu kama ilivyo chumvi. Kwa mwenye presha hilo si jambo la kupuuza.

Jicho la Tatu
Mnapoteza muda. Hii ni chai, tena ya moto.

Kwanza, mlenda wa kijani mwezi wa tisa Dodoma? Mwezi wa tisa hakuna jani, ardhi nyeupe. Pili, nani anatoka Singida kwenda Dar akapitia Mtera? Mtera ni kusini, njia ya Iringa. Tatu, anasema amezifuata sahani zote za baba yake, halafu anatuuliza kuku wa Singida anapatikana wapi. Nne, baba anayemeza kwa shida anauliza siku, ananyolewa ndevu. Hiyo ni tamthilia. Kuna mtu anatafuta huruma hapa, kesho ataweka namba ya kuchangiwa.

Tonge Nene
Duh. Hilo la mwezi wa tisa nami lilinipita.

Kiberenge
Kama ni chai basi mimi nimelia bure.

Binti Dereva
Sitaki mchango wa mtu. Sijaomba hata shilingi na sitaomba.

Mlenda ulikuwa wa unga, sikusema mbichi popote. Singida niliwahi kupita usiku kwa basi, sikushuka kula, ndiyo maana nauliza. Na Mtera najua ni mzunguko: unarudi Dodoma, unashuka kusini mpaka Iringa, halafu Kitonga, Mikumi, Dar. Niliiweka kwa sababu baba akiitaja Mtera sauti inabadilika. Mkitaka kuamini aminini.

Jicho la Tatu
Weka picha.

Binti Dereva
Picha ya baba yangu akiwa mgonjwa siweki kwenye jukwaa lolote.

Mgogo wa Bahi
Jicho la Tatu, kwenye mlenda umeingia shamba lisilo lako. Majani yanachumwa wakati wa mvua, yanakaushwa, yanatwangwa, yanachekechwa, unga unahifadhiwa mpaka mvua nyingine. Ukiukausha vizuri kijani kinabaki. Mwezi wa tisa ndiyo mwezi ambao kila nyumba inakula huo. Maji yakichemka unanyunyiza huku unakoroga, karanga zinafuata. Mama yangu amelisha familia hivyo kila kiangazi. Anayesema mwezi wa tisa hakuna mlenda hajawahi kula Ugogoni.

Na magadi si lazima. Ule wa unga unavutika hata bila hayo. Mwambie mpishi kabla hajaweka sufuria jikoni, akishatia hayatoki.

Pwani Kuchele
Kwa hiyo mlenda wa unga na bamia ni kitu kimoja?

Mgogo wa Bahi
Hapana. Mlenda ni mboga ya majani ya porini, iko ya aina kadhaa. Bamia ni bamia.

Mzee wa Saranda
Niliyesema apande treni ya Kigoma, naomba mlifute. Sikujua mzee anaumwa. Usiku kucha kwenye behewa kwa mtu wa fimbo, hapana.

Binti, mimi naamini ulichosema, lakini safari yako ni ndefu mno. Dar, Dodoma, Singida, kurudi Dodoma, Mtera, Iringa, mteremko wa Kitonga. Hata mzima anachoka. Na kuku wa kienyeji wa Singida ni mtamu kwa sababu ametembea, nyama yake inataka kuchemshwa muda mrefu kabla ya kukaangwa. Kwa mtu anayepaliwa huyo si kuku wa kuanza naye. Samaki ana miba. Chagua sahani moja.

Mama Wawili
Nami nakubaliana na mzee. Msalato peke yake. Ugali uwe laini kuliko kawaida, ule mkavu unakwama. Na kaka zako waambie leo.

Binti Dereva
Singida nimeitamani kwa miaka. Kuitoa naona kama naanza kumzika. Lakini sawa, Singida na Mtera naziondoa kwa sasa, si moja kwa moja.

Msalato siiondoi.

Mtumishi Mwema
Na kaka zako?

Binti Dereva
Nimempigia mkubwa sasa hivi. Ameongea kwa hasira, amenikumbusha usiku ule tulivyombeba baba. Nimemsikiliza mpaka mwisho. Nikamweleza alichosema Nesi, kwamba Jumatatu nampeleka baba kupimwa kumeza na wakisema hapana tiketi nasogeza mbele. Amesema haafiki. Halafu akauliza treni inafika Dodoma saa ngapi, yeye atatokea Morogoro na gari lake.

Kiberenge
Huyo anakuja kula.

Mgogo wa Bahi
Mkipata ruhusa, Jumamosi fikeni mapema. Mchana mnada unajaa watu, ng'ombe na vumbi, mzee wa fimbo atasukumwa. Kiti chenye mgongo mbebe kwenye gari, pale mengi ni mabenchi. Mpishi umtafute Ijumaa umwambie habari ya magadi na chumvi, uwele mchague wenyewe. Na kaka yako mwagizieni mbavu zake pembeni, asije akamla mzee macho.

Nesi wa Zamu
Dawa za presha zikae kwenye mkoba wa mkononi, msiziweke kwenye begi la juu. Asiruke dozi ya asubuhi kwa sababu ya haraka ya treni. Na maji ya kunywa njiani mpeni kwa kiasi na kwa uzito watakaowaelekeza Jumatatu.