Magego niliyoziba kwa silva ndio yananichosha hivi? Naombeni msaada

MamaWawili_Mbagala:
Habari za jioni wakuu. Nina magego matatu yamezibwa na ile ya rangi ya fedha, mawili 2011 na moja 2016, hayajawahi kunisumbua. Sasa kama miezi nane hivi nachoka mno, nikipanda ngazi mpaka ghorofa ya pili tu hapo kazini Kariakoo moyo unadunda kama nimekimbizwa na mbwa, kichwa kinagonga, mdomoni ladha kama nimelamba sarafu. Shemeji kanitumia klipu eti hizo silva nusu yake ni zebaki na kila ukitafuna unameza sumu. Nikaenda kliniki moja ya meno (siitaji) wakasema zitolewe zote niwekewe nyeupe na dozi ya kusafisha damu, laki sita! Na mtoto anaingia fomu wani. Kuna aliyetoa akapona? Maana hata hamu ya chakula sina, nashindia udongo wa pemba kama mjamzito na mimba nimepima haipo.

Karai_la_Geita:
Laki sita si ndio ada hiyo dada. Mi zebaki nimeishika kwa mkono machimboni, unachanganya na mchanga wa dhahabu kwenye karai, unakamua kwa kitambaa, halafu unachoma, ule moshi ndio sumu yenyewe. Kuna mzee pale alikuwa anatetemeka mpaka chai anashikiwa kikombe. Hiyo ya kwenye jino lako haichomwi na mtu

tabibu_meno:
Dada klipu haijadanganya kwenye hiyo nusu, karibu nusu ya uzito ni zebaki kweli, iliyobaki ni fedha, bati na shaba, ila zikishashikana zinakuwa kitu kimoja kigumu na mvuke unaotoka ni kidogo sana, unaongezeka kwa wanaosaga meno usiku. Watoto walifuatiliwa miaka kadhaa Marekani na Ureno, majibu yakatoka 2006, wa silva na wa nyeupe hawakupishana kumbukumbu wala akili. FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, nao 2020 wakasema wajawazito, wanaonyonyesha, watoto hasa walio chini ya miaka sita na wenye figo mbovu bora wasiwekewe mpya, lakini lililo zima liachwe, kwa sababu ukilichonga ndio unaufungulia mvuke kwa mkupuo. Umoja wa Ulaya wameizuia tangu Januari 2025, hiyo ni mambo ya mkataba wa Minamata, ule wa dunia wa kupunguza zebaki, zebaki isiishie baharini kwenye samaki, sio kwamba watu walikuwa wanaanguka barabarani. Na hiyo dozi ya kusafisha damu, mi niliyesomea meno siijui.

Pwani_Girl:
Mie nilitolewa na nikapona ila msinielewe vibaya. Shavu kwa ndani, pale pale linapogusana na jino la silva, palifanya utando mweupe unawasha nikila pilipili, daktari akasema ni mzio, akatoa hilo moja tu, akanifunika kale kampira mdomoni vipande visiingie kooni. Utando uliisha baada ya muda. Kipandauso changu kipo mpaka leo

Bi_Zuhura:
Jamani wote mmeuruka udongo?? Mwanangu, mtu anayeshindia udongo na hana mimba, moyo unadunda kwenye ngazi, huyo damu imepungua mpaka ithibitike vinginevyo. Hedhi yako ikoje? Kapime wingi wa damu kesho asubuhi, hicho kipimo hakina malaki. Na pemba uache, unazuia hata kile kidogo unachokula kisiingie mwilini.

MamaWawili_Mbagala:
Shikamoo bibi. Ni siku nane, nabadilisha pedi kila baada ya saa mbili, nilidhani ndio umri huo

Bi_Zuhura:
Marahaba. Umri gani wakati hata arobaini hujafika. Nenda.

MamaWawili_Mbagala:
Mrejesho wakuu. HB, yaani wingi wa damu, 7.2! Daktari aliniuliza nimekuja kwa miguu yangu kweli. Nimepewa vidonge vya madini chuma na nimeandikiwa ultrasaundi waangalie kizazi, ni Alhamisi. Magego sijayagusa. Kimfuko cha pemba bado kipo kwenye pochi nakipigia chabo tu. Shemeji naye katuma klipu nyingine, eti vidonge vya chuma vinaozesha meno, sijaifungua.