Kupanda Wagagai, Mlima Elgon: ada tulipe wenyewe UWA (mamlaka ya wanyamapori Uganda) au tupitie kampuni?

mbongo_kla
Wakuu habari zenu. Niko Kampala kikazi, mimi ni Mtanzania, desemba tunataka kupanda Wagagai, kilele cha Mlima Elgon, tukiwa watatu, mimi, shemeji yangu wa Mombasa na mjerumani mmoja tunafanya naye kazi ana work permit ya hapa. Kuna kampuni imetupa bei moja ya jumla kwa dola, wote sawa, nikauliza ndani yake kibali ni sh ngapi na porta (mbeba mizigo) ni sh ngapi naambiwa "kila kitu kimo". Hapa nimekwama, tulipe tu au kuna njia ya kulipia wenyewe?

mlima_masaba
Kaka usilipe kwanza. Nyie watatu hamko kundi moja. UWA wana makundi matatu, raia wa Afrika Mashariki, mgeni mkazi, na mgeni asiye mkazi. Wewe na shemeji mnalipa kwa shilingi za Uganda na ni nafuu mno, huyo mjerumani anaingia mgeni mkazi mradi aje na ile permit yenyewe na isiwe imeisha muda. Sasa mtu akiwapigia bei moja ya dola wote watatu, hiyo tofauti inakwenda wapi?

mbongo_kla
Daah sikujua kabisa. Kitambulisho cha NIDA kinatosha au mpaka pasipoti?

mlima_masaba
Njoo na pasipoti, itakufaa pia ikitokea mnataka kushukia Kenya. Lakini hiyo ipangeni mapema sana, upande ule ni hifadhi nyingine chini ya KWS (shirika la wanyamapori Kenya) unalipa ada zao, na mambo ya uhamiaji lazima yamalizwe, usije ukaonekana umetoka nchi kinyemela.

dada_wa_mbale
Nendeni ofisi ya UWA hapa Mbale au ile kuu Kamwokya muulize bei ya sasa, msifuate za blogu za zamani. Ada ya kupanda inahesabiwa kwa siku kwa hiyo amueni njia kwanza, ile inayoitwa Sasa kutokea Budadiri ndiyo fupi ila inapanda kwa ukali, watu wengi wanachukua siku nne, ile ya Piswa kutokea Kapkwata ni ya taratibu lakini siku zinaongezeka na pesa nayo inaongezeka. Ulizeni pia kama mwongoza njia na kambi vimo kwenye hiyo ada. Malipo ya porta ni mbali, ya chakula mbali, na hawa maporta jamani walipeni vizuri, ni vijana wa hukuhuku wanabeba mizigo yenu kwenye baridi mpaka mita elfu nne, mtu asibane matumizi kwenye mgongo wa mwenzake.
Halafu lipeni kwa simu au benki na mdai risiti yenye jina la kila mmoja.

kasese_boy
Naongezea, msilinganishe na milima ya Rwenzori, huku kwetu safari zinapitia kampuni zenye njia zao, Nyakalengija ama Kilembe, na kilele cha Margherita kina barafu kinataka kamba na vyuma vya viatuni. Elgon hamhitaji hivyo vyote.

mbongo_kla
Asanteni sana. Jumatatu napita Kamwokya na nakala za vitambulisho vyote vitatu, kampuni nimewaandikia wanichanganulie bei, wakikataa nawaacha.

dada_wa_mbale
Permit ya mjerumani beba orijino, nakala wanaweza kuikataa.