Kuhamisha seva ya mradi wa programu huria: ni gharama zipi ambazo sijaziona?

Mleta mada

Ndugu zangu, habari za kazi. Ninasimamia tovuti ya mradi mdogo wa programu huria ya kukagua tahajia ya Kiswahili. Seva yetu bado inatumia Debian 10, toleo la mfumo endeshi huria ambalo muda wake wa kupewa marekebisho ya usalama na mradi wa Debian ulikwisha tarehe 30 Juni 2024, kwa hiyo tumekubaliana kuhamia seva mpya yenye Debian 12. Tovuti, jukwaa la watafsiri na barua pepe za mradi vyote vinakaa katika mashine moja, na data yake inafika gigabaiti 60 hivi. Mapato yetu ni michango ya dola 400 kwa mwaka. Seva ya sasa tunailipia dola 25 kwa mwezi, na mpya itakuwa dola 20, yaani 240 kwa mwaka. Mimi naona dola 160 zinazobaki zinatosha, lakini mweka hazina wetu anasema nimehesabu kodi ya nyumba nikasahau gharama ya kuhama. Je, nimesahau nini, na kazi yenyewe tuipange vipi ili watafsiri wasipoteze hata sentensi moja?

Mchangiaji wa kwanza

Mweka hazina wenu yuko sahihi, na ningependa asikilizwe. Kwanza, mtalipia seva mbili kwa pamoja. Tengeni miezi miwili, mmoja wa kujenga na kujaribu, mwingine wa kuiacha seva ya zamani ikiwa hai baada ya kuhama, na hizo ni dola 50 za seva ya zamani. Pili, nakala rudufu haifai kukaa kwa mtoa huduma yuleyule anayewapangisha seva, kwa sababu akaunti ikifungwa mtapoteza vyote kwa mkupuo. Mkipata hifadhi ya nje kwa dola 5 kwa mwezi, hizo ni 60 kwa mwaka. Zinabaki dola 50 za ada ya kikoa, yaani jina la tovuti kwenye intaneti, na za kufidia kupanda kwa dola, maana wachangiaji wakitoa kwa shilingi na ankara ikaja kwa dola, pengo hilo hulibeba mradi. Bajeti yenu inatosha, ila hairuhusu kosa.

Kabla hamjalipa chochote, fikirieni pia kuomba hifadhi ya bure. Maabara ya Open Source Lab ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, Marekani, imekuwa ikihifadhi miradi huria kwa miaka mingi. Jibu la maombi ya namna hii huweza kuchelewa, kwa hiyo msiyafanye kuwa mpango wenu wa pekee.

Mchangiaji wa pili

Nijibu upande wa utaratibu. Kama hifadhidata yenu ni PostgreSQL iliyokuja na Debian 10, hiyo ni toleo la 11, ilhali Debian 12 ina toleo la 15, na toleo jipya halifungui mafaili ya data ya lile la zamani. Itoeni data kwa pg_dump, zana ya PostgreSQL ya kutoa nakala ya data, muirejeshe upande wa pili. Mafaili mengine yananakiliwa kwa rsync, programu ya kunakili mafaili kati ya mashine, kwa awamu mbili: ya kwanza siku kadhaa kabla, ambayo huchukua saa nyingi, na ya pili usiku wa kuhama, ambayo hubeba mabadiliko tu.

Fanyeni zoezi zima mara moja kabla ya siku yenyewe, huku mkipima muda kwa saa. Muda huo ndio mtakaowatangazia watafsiri, na kwa kipindi hicho jukwaa liwekwe katika hali ya kusomwa tu. Hapo ndipo sentensi hupotea: mtu anaendelea kuandika katika seva ya zamani baada ya hifadhidata kunakiliwa. Kwa sababu hiyo, muda wa kuishi wa rekodi za DNS (zinazoelekeza jina la tovuti kwenye anwani ya seva), yaani muda ambao kompyuta nyingine huzikumbuka, ambao mara nyingi ni sekunde 86400, ushusheni hadi 300 angalau siku moja kabla. Cheti cha usalama cha tovuti kutoka Let's Encrypt, mtoa vyeti wa bure, kinakilini kutoka seva ya zamani, ili tovuti isikae bila cheti wakati anwani zinabadilika.

Barua pepe ndiyo inayonitia hofu zaidi. Watoa huduma wengi huifunga bandari ya 25, njia ambayo seva hutumia kutumiana barua pepe, kwa wateja wapya hadi waombe ifunguliwe, na barua kutoka anwani mpya isiyo na rekodi ya kinyume (inayoonyesha jina la seva kutokana na anwani yake) mara nyingi hukataliwa au hupelekwa kwenye barua taka. Ombeni mapema.

Mchangiaji wa tatu

Naongeza jambo moja tu: kikoa kimesajiliwa kwa jina la nani? Katika mradi niliowahi kuutumikia, aliyekisajili alikuwa mfanyakazi wa kujitolea aliyeondoka zamani, na barua pepe yake haikufanya kazi tena. Seva mpya ilikaa tayari wiki tatu, inalipiwa, wala hatukuweza kubadilisha rekodi hata moja.

Mleta mada

Nawashukuru sana. Nimeangalia, na kikoa chetu kimesajiliwa kwa barua pepe ya mwanzilishi ambaye hayupo tena katika mradi. Nimemwandikia leo. Seva mpya hatutailipia mpaka usajili uhamishiwe kwenye akaunti ya mradi, ambayo mimi na mweka hazina sote tutakuwa na ufunguo wake, na ombi la bandari ya 25 nitalituma siku ileile tutakapofungua akaunti ya seva.