sc au vt kwa konsoli ya FreeBSD? Naomba ushauri kabla sijakompaili keneli

Pwaguzi:
Wakuu, habari za muda huu. Kuna mashine nahamishia FreeBSD 14 (mfumo endeshi wa familia ya Unix), na keneli yake, yaani kiini cha mfumo, nataka niikompaili mwenyewe, iwe nyepesi, nisibebe nisichokitumia. Nimefika kwenye konsoli (skrini ya maandishi ya mashine yenyewe) nikakwama. Ndani ya GENERIC, mipangilio ya keneli ya kawaida inayokuja na mfumo, naona `device sc` ipo (syscons, draiva ya zamani ya konsoli) na `device vt` ipo (draiva mpya). Nibakishe ipi? Nimeizoea sc miaka nenda miaka rudi: skrini nyeusi, safu 80, mistari 25, kazi inakwenda. Hiyo vt nasikia ni nzito. Mwenye uzoefu anijuze, usiku huu nakompaili.

Bibi_Baiti:
Mkuu, umeuliza nusu swali. Mashine inabuti kwa BIOS (programu ya zamani ya bodi ya kuwashia) au UEFI (mpya yake)? Kadi ya picha ni ipi? Ina skrini mbele yake au unaingia kwa SSH tu, kupitia mtandao? Hayo usipoyasema tutabaki kupiga ramli.

Ngurumo:
vt. Mjadala umefungwa. Ndiyo chaguo la kawaida tangu 11.0 ya mwaka 2016, bado tu mnaulizana?

mzee_wa_konsoli:
Ngurumo taratibu, hakuna aliyekufanya hakimu. Pwaguzi hajasema ana mashine gani na wewe umeshatoa hukumu.

Kuhusu uzito, asikudanganye mtu. sc kwenye VGA ya maandishi inaandika baiti 2 kwa kila herufi, moja ya herufi na moja ya rangi. Zidisha 80 kwa 25 kwa 2, skrini nzima ni baiti 4,000. vt juu ya UEFI inachora kila nukta yenyewe: 1920 kwa 1080 kwa baiti 4 ni zaidi ya milioni 8 kila skrini inapopanda, na hakuna kadi ya picha inayoisaidia, prosesa ndiyo inasukuma. Toa `dmesg` ndefu (ujumbe wa keneli) au `make buildworld` (kujenga mfumo wote) kwenye konsoli utaona mwenyewe mistari inavyojikokota.

Ngurumo:
Mzee, nani siku hizi anakaa kwenye konsoli kutazama buildworld ikipita? Watu wana tmux na SSH. Konsoli ni ya siku ya msiba.

Kitasa:
Umesema kweli, na siku ya msiba ndiyo iliyonifundisha, ngoja niwasimulie.

Nilikuwa na mashine ya UEFI yenye kadi ya picha ambayo draiva yake ya drm-kmod ilikuwa inagombana na framebufa ya vt (kumbukumbu ya nukta za skrini). Ikipakiwa tu, mashine inaganda. Mtandaoni dawa ilikuwa moja, kila mtu anaiandika: weka `hw.syscons.disable=1` kwenye `/boot/loader.conf`. Jina linasema syscons, ungedhani inazima sc peke yake. Wapi! vt_efifb nayo inaisoma hiyo hiyo, ikiiona inajiondoa. Maana yake tangu keneli inaanza hadi moduli ya kadi ipakiwe na rc (skripti za kuanzisha mfumo), hakuna konsoli kabisa. Skrini inabaki na maneno ya mwisho ya loda (programu inayopakia keneli), imetulia tuli. Moduli ikipakiwa, picha inarudi, unasahau.

Basi ikafika siku ya kupandisha toleo. Keneli mpya ikaingia, moduli ya kadi bado ni ile iliyojengwa kwa keneli ya zamani, ikakataa kupakiwa. Na umeme ulikuwa umekatika kabla ya hapo, diski chafu, kwa hiyo fsck (ukaguzi wa diski) ilishindwa kuirekebisha yenyewe, buti ikasimama ikisubiri nibonyeze Enter. Nitajuaje? Skrini haioneshi kitu, mtandao haujapanda, SSH hakuna. Nilidhani bodi imekufa. Nilivua RAM, nikabadilisha waya wa skrini, nikafungua kesi nzima, kumbe mashine inanisubiri mimi nibonyeze Enter.

Kilichoniokoa ni Esc kwenye menyu ya loda, kisha:

`unset hw.syscons.disable`
`boot -s`

Maandishi yakarudi yote. Kwa hiyo Pwaguzi, iwe sc iwe vt, usikompaili kitu kinachotegemea moduli ya baadaye ndipo uone maandishi. `device vt_efifb` iwe ndani ya keneli.

Bibi_Baiti:
Pole Kitasa. Na njia ya pili ya akiba ni konsoli ya serial, inayopeleka maandishi kwa waya kwenye mashine nyingine. Kama bodi ina mlango huo, mstari wa `boot_multicons="YES"` hauna gharama.

mzee_wa_konsoli:
Ila waelezeni watu vizuri. multicons inapeleka ujumbe wa keneli kote kuwili, lakini maneno ya skripti za rc yanakwenda kwenye konsoli ya kwanza tu. Kuna watu wanadhani buti imekwama baada ya keneli, kumbe inaongea upande wa pili. `sysctl kern.console` itakuonesha ipi iko mbele.

Ngurumo:
Tumetoka kwenye mada.

Pwaguzi:
Nimerudi, samahanini, nilikuwa kazini. Inabuti kwa UEFI. Kadi ya picha ni ya ndani ya prosesa. Skrini ipo, ni ya 4K. Ila kwenye mipangilio ya bodi naona naweza kuirudisha kwenye mtindo wa BIOS nikitaka.

Bibi_Baiti:
Ungeanza na hilo. Kwenye UEFI, sc haikuoneshi kitu. Inataka VGA ya maandishi, na ukibuti kwa UEFI hiyo haipo. Haijui UTF-8 pia: faili lenye é au ñ kwenye jina linakutolea vinyago. Hata ukurasa wa mwongozo wa syscons unakuambia mrithi wake ni vt.

Na kukompaili kwa ajili ya hili tu hakuna haja. GENERIC ina zote mbili na unachagua kwenye loda:

`kern.vty=vt`

au `kern.vty=sc`. Ukishabuti, `sysctl kern.vty` inakuambia ipi imeshika.

mzee_wa_konsoli:
Amesema anaweza kurudi BIOS. Akirudi, sc inafanya kazi bila shida. Na akitaka vt yenye wepesi wa sc, aweke `hw.vga.textmode=1`, apate 80 kwa 25 yake. Fonti tu hatabadilisha.

Ngurumo:
Yaani arudishe mashine nzima nyuma kwa ajili ya konsoli? Mzee, hayo ni mapenzi sasa, si ushauri.

mzee_wa_konsoli:
Kwenye GENERIC maelezo ya pembeni ya sc yanasema inafanana na konsoli ya SCO, ile Unix ya zamani ya PC. Kijana, unaijua SCO?

Ngurumo:
Nazijua kesi zake mahakamani.

Kitasa:
😂 Pwaguzi, skrini ya 4K na vt, andaa miwani. Fonti ya kawaida ikikuwia ndogo, kwenye loader.conf weka `screen.font="16x32"`. Tangu 13.0 loda inaielewa na keneli inaendelea nayo.

Pwaguzi:
Asanteni. Naona nielekee vt, ingawa hiyo hesabu ya milioni 8 bado inanikaa kichwani, na hapa ni 4K, si ndiyo mara nne? Nikiondoa `device sc` nikumbuke nini kingine?

Bibi_Baiti:
Ondoa na `options SC_PIXEL_MODE`. `device vga` na `device splash` ziko kwa ajili yake pia. Keneli ya zamani usiifute, ikigoma unaandika `boot kernel.old` kwenye loda.

mzee_wa_konsoli:
Na uage skrini seva. Zile za syscons, daemon_saver na wenzake, vt haizijui.

Ngurumo:
Skrini seva ya konsoli. Mwaka huu.

Pwaguzi:
Wakuu, nimebuti GENERIC kwa vt kwa majaribio. Mistari inapanda polepole kweli, mzee hakusema uongo, ila inavumilika. Kinachoniudhi ni kengele, kila nikikosea Tab inalia. Zamani nilikuwa naweka `hw.syscons.bell=0`, sasa naiweka na haibadilishi kitu.

Kitasa:
`kern.vt.enable_bell=0`, iweke kwenye sysctl.conf.

mzee_wa_konsoli:
Kwenye sc ilikuwa na sauti nzuri zaidi.

Ngurumo:
Mzee, ni spika ile ile!