Mafundi wa minara, acheni kusingizia radi wakati waya wa athi mmeuacha unaning'inia!

Wakuu heshima kwenu. Nina hasira, kwa hiyo mtanivumilia lugha.

Mnara wetu wa intaneti umeungua tena. Redio za juu (zile za kurusha na kupokea intaneti) zimekufa, swichi ya mtandao ya ndani nusu ya matundu hayawaki, ruta ndiyo kimya kabisa. Fundi wa kampuni iliyotufungia kaja, katazama juu, katingisha kichwa: "Hiyo radi bosi, kazi ya Mungu. Warantii haihusiki." Nikamuuliza, na zile saji protekta, vile vikopo vya kukinga vifaa na msukumo wa umeme, mlizotulipisha zilikuwa zinafanya nini? Akaanza kutafuta simu mfukoni.

Nikampandisha mpandaji mwingine apige picha. Jamani! Kikopo cha juu kimefungwa kwa vibanio vya plastiki, waya wake wa kijani, ambao ndio athi, yaani wa kupeleka umeme ardhini, umekatwa kifupi na kuachwa hewani. Haujagusa chuma chochote. Cha chini angalau kina athi, ila waya umeviringishwa kama kamba ya mbuzi, halafu umekwenda kwenye fimbo yake pekee iliyochimbiwa ardhini, mbali na fimbo ya mnara. Umeme wa jengo nao una fimbo yake. Athi tatu, hakuna inayomjua mwenzake.

Saji protekta haimezi radi. Ndani yake kuna kirija cha gesi, nyingine zina dayodi pia, na kazi yake ni kufungua njia ya mkato kwenda ardhini volti zikizidi. Njia hiyo isipokuwepo, msukumo unaendelea na safari yake mpaka kwenye redio. Mmetuuzia pambo.

Hizo fimbo zisizoungana ndizo zinazonikera kuliko yote, maana fundi alizitetea! Eti "zikitengana ni salama zaidi". Haya, tupige hesabu. Radi ya kawaida ni kama ampea 30,000. Chukua athi yenye ukinzani wa omu 10, ambayo wengi wanaihesabu kuwa nzuri. Zidisha: volti 300,000. Kwa kitambo hicho mguu wa mnara umepanda hadi huko, athi ya jengo imebaki chini, na kinachounganisha pande hizo mbili ni nini? Kebo ya mtandao! Umeme utapita humo humo, ndani ya swichi, uende upande wa pili. Fimbo zote zikiungwa pamoja kwa shaba nene, pande zote hupanda na kushuka pamoja, na tofauti inayobaki kwenye kebo inapungua sana.

Na ule mviringo wa waya? Mtakuja na mita mseme "omu sifuri, iko poa". Mita inapima umeme uliotulia. Radi inapanda ndani ya mikrosekunde (sehemu za milioni za sekunde), na kwa kasi ya ampea 10,000 kwa kila mikrosekunde, mita 1 tu ya waya ulionyooka inazaa karibu volti 10,000. Sasa nyie mmeuzungusha. Waya wa athi unatakiwa mfupi, mnene, usio na kona kali.

Kuna mengine sitayamaliza: kebo yenye ngao iliyobanwa vichwa vya plastiki, kibanio kilichokazwa juu ya rangi, shaba tupu juu ya chuma chenye zinki (itakula hiyo zinki, ngojeni mvua). Hayo yote hayakuletwa na Mungu.

Najua wapo watakaosema radi ikitua juu ya redio yenyewe hakuna cha kuiokoa. Sawa, hiyo sidai. Mimi nadai swichi iliyokuwa ndani, kwenye kabati, chini. Tena mara nyingi si lazima radi ipige mnara. Ikipiga jirani tu, kebo ndefu inayoshuka inaokota msukumo wake.

Nimewaambia sisaini tena bila picha ya kila kiungo na kipimo cha athi kwa maandishi. Wamejibu hiyo ni "kazi ya ziada", ina bei yake. Kazi ya ziada!

Sasa nafikiria kuteremsha data kwa faiba, ule waya wa kioo unaopitisha mwanga, isiwepo shaba ya kuingia kwenye swichi. Ila redio bado zinahitaji umeme, na waya wa kuzilisha ni shaba ile ile. Mliokwisha kufanya hivi, kinga ya huo waya mmeiweka wapi: juu, chini, au kote?