Lenzi ya milimita 50 kwa kamera ya kihisi kidogo: je, inafaa Lamu?

Swali: Assalaam aleikum. Ninatumia kamera ya Canon yenye kihisi (kinasa nuru) kidogo kiitwacho APS-C, na ninakusudia kununua lenzi ya milimita 50 ya f/1.8 (kipimo cha uwazi wa lenzi: namba ndogo, uwazi mkubwa), kwa kuwa ni nyepesi na bei yake ni nafuu. Ninapiga picha za milango ya nakshi na za watu wakati wa Maulidi. Je, itanifaa?

Jibu la kwanza: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Kwa sura za watu itakufaa mno, hasa usiku, kwani f/1.8 hupitisha nuru zaidi ya mara tisa ya ile ipitayo kwenye f/5.6. Lakini kihisi hicho hubana upeo wa picha kwa kipimo cha 1.6, hivyo utaona kama atumiaye milimita 80 kwenye kihisi kikubwa, na katika vichochoro vyetu mgongo utagusa ukuta kabla mlango mzima haujaingia.

Jibu la pili: Naafikiana naye. Kwa milango, ningechagua lenzi ya Canon ya EF-S, yaani ya kamera za kihisi kidogo, ya milimita 24 ya f/2.8, ambayo upeo wake ni kama wa milimita 38. Kabla ya kulipa, weka lenzi yako ya zumu kwenye 50, usiiguse, kisha uzunguke mjini nayo.